Mguu wa Ndege

Ndege alikuwa amesimama kwa mguu mmoja katikati ya ukumbi, na tangu jana jioni hakuna aliyethubutu kumgusa.

Alimzidi kwa urefu Koplo aliyekuja na Inspekta, na Koplo si mfupi. Mbawa zake zilikuwa mizizi ya mti uliong'olewa na mafuriko, manyoya yake vijiko vilivyopondwa kwa nyundo, shingo yake mnyororo wa baiskeli uliojazwa maganda ya mbegu. Jicho lilikuwa taa ya pikipiki. Kibao cha ukutani kilisema anaitwa "Atarudi". Mguu alioukunja ulikuwa wa spoki. Ule aliousimamia ulikuwa mfupa, na juu ya mfupa palikuwa na bamba jembamba la chuma lililokazwa kwa skrubu.

Inspekta alikuwa amepiga magoti mbele ya mguu huo na tochi mkononi. Kituoni walimwita Sindano, maana alikuwa akichoma bila kupiga kelele, na mwenye kuchomwa hujua baadaye. Pembeni yake daktari wa mifupa alikuwa akizungukazunguka kwa suti ileile aliyoivaa kwenye ufunguzi wa maonyesho jana. Alikuja kama mgeni, akala vitafunio, akamsogelea ndege amsifie, kisha akaweka glasi yake chini na kuomba polisi waitwe.

"Nieleze tena, daktari," Sindano alisema. "Taratibu, kama unamweleza mtu asiyejua kitu."

"Angalia hapa ukingoni. Mfupa umepanda juu ya chuma. Umeanza kukimeza, kama mti unavyomeza msumari."

"Naona."

"Basi mfupa mfu hauoti. Chuma hiki kiliwekwa mtu akiwa hai. Akapona nacho na akatembea nacho."

"Mtu? Si ng'ombe?"

"Ng'ombe hatuwawekei vyuma, afande. Ng'ombe akivunjika mguu anaishia jikoni."

Koplo alicheka, akaona amecheka peke yake, akajikohoza.

"Huu ni muundi," daktari aliendelea. "Mfupa wa hapa mbele, chini ya goti. Ncha zote mbili zimekatwa kwa msumeno. Zingekuwepo, hata mwanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza angeutambua. Bila ncha ni gogo tu la mfupa." Kidole chake kilielekea kwenye skrubu ya mwisho bila kuigusa. "Lakini hilo siyo lililoninyima usingizi. Skrubu hizi zote zina tundu la pembe sita. Hii moja ina alama ya kujumlisha. Na imekaa mshazari."

"Ina maana gani?"

"Ina maana siku hiyo skrubu za pembe sita ziliisha, nikachukua moja ya seti nyingine. Mahali palikuwa pabaya, ikabidi niiingize kwa pembeni. Afande, hii ni kazi ya mikono yangu."

Msimamizi wa ukumbi, mama mmoja mtanashati aliyekuwa amekaa karibu na mlango tangu asubuhi, alitoa sauti ndogo na kuziba mdomo. Sindano naye aliutazama tena ule mguu. Alikuwa ameona maiti za kila namna, zenye vichwa na zisizo na vichwa, ila hakuwahi kukuta moja imepakwa nta ikawekewa taa ya kuimulika.

"Mgonjwa alikuwa nani?"

"Sura za watu nasahau, kazi yangu siisahau. Alikuwa fundi wa paa, alianguka kazini. Ninayemkumbuka vizuri ni mama yake. Alikuwa haoni, na kila akipata mwanya anaingia wodini kumkanda mwanawe mguu. Manesi wanamtoa, anarudi. Akanifuata hadi ofisini kuniambia skrubu yangu moja imechomoza chini ya ngozi, anaisikia kwa kidole gumba."

"Ukamjibu nini?"

"Kwamba ataizoea."

Sindano alisimama, akapangusa magoti. "Mama," alimgeukia msimamizi, "jana wageni walisemaje kuhusu mguu huu?"

Msimamizi aliondoa mkono mdomoni. "Waliusifu kuliko kitu chochote. Walisema hapo ndipo chuma na mfupa vimeoana. Wengine walipiga nao picha."

Mtaalamu wa kituo alikata waya wa shaba uliouunga mguu na mwili, akautia mfupa kwenye mfuko wa plastiki unaoonyesha ndani, akaufunga na kuutia lakiri. Ndege alilazwa ubavu. Sindano aliupokea mfuko mwenyewe. Ulikuwa wa kwenda maabara, na yeye hakuwa na desturi ya kumwachia mtu kielelezo, wala kukiacha garini hata kwa dakika ya kununua maji. Koplo aliwahi kufanya hivyo mara moja, na masikio yake yalikuwa hayajapoa hadi leo.

Karakana alikotengenezwa ndege ilikuwa uani, nyuma ya nyumba ya kawaida yenye bati lililopauka. Mtu akiingia bila kuambiwa angedhani amefika jalalani, kisha angetazama tena na kuona kwamba jalala hili limepangwa. Magogo yaliyooshwa na maji yalikuwa upande mmoja kwa ukubwa wake, na vifuu, pembe na manyoya kwenye matenga. Upande wa pili kulikuwa na milima ya rimu, feni zilizokufa, vitasa, simu zisizo na vioo. Mifupa ilikuwa imeanikwa juu ya kichanja, myeupe kwa jua. Katikati ya vyote hivyo ilikaa meza moja kubwa ya mbao, iliyoungua huku na kukatwakatwa kule.

Wenyewe walikuwa wawili, mke na mume. Mke alijulikana mji mzima kwa jina la Mama Takataka. Majirani walimpa kwa dhihaka, yeye akalichukua na kuliandika mlangoni. Mume alikuwa mchomeleaji wa mageti kabla ya kumuoa, nao walimwita Cheche. Sindano aliwatenganisha. Alianza na mume, kando ya mashine yake ya kuchomelea.

"Ule mguu wa ndege, bwana Cheche. Nani aliunga chuma na mfupa?"

"Mke wangu," alisema pale pale. Alikuwa mtu mpole mwenye nyusi zilizoungua. "Natamani ningesema ni mimi. Miaka yote chuma ni changu, na vya porini ni vyake. Halafu siku moja nakuta mezani kitu kile. Kaingia kwenye chuma changu akanishinda. Nilimvulia kofia."

"Ulimwambia?"

"Hatuambiani, afande."

"Ulimuuliza alipataje bamba lile?"

"Wala hatuulizani. Kwani lina nini?"

Sindano alivuka uwanja hadi mezani, alikokuwa amekaa mke, mwanamke wa makamo mwenye mikono iliyojaa makovu madogo. Mikono hiyo haikutulia. Alipokuwa akiongea ilikuwa ikikunja waya, ikichagua mbegu, ikipima hiki na kile, kama ya mtu anayesuka huku akipiga soga.

"Ule mguu ni wa Cheche," alisema. "Mimi skrubu siziwezi, mdogo wangu. Mimi nafunga kwa shaba tu, uliza yeyote. Nilipoukuta hapa mezani nilikaa chini kabisa. Mfupa umeungwa na chuma hata huoni mwisho wa hiki na mwanzo wa kile. Nikasema, kumbe mume wangu bado ananipenda."

"Hukumwambia?"

"Ya nini? Sisi ndivyo tulivyo tangu tuoane. Ukikuta kitu mezani huulizi, unaendeleza. Yeye anaweka chuma, mimi naongeza mzizi. Mimi naweka mzizi, yeye anauvalisha mnyororo. Ukianza kuuliza, kazi inageuka kikao. Niliupaka nta ung'ae, nikaufunga kwenye ndege."

"Na jina la ndege?"

"Hilo la Mama yetu. Kila jioni ndilo neno lake."

Koplo alimvuta Sindano kando, karibu na matenga ya vifuu. "Wanatupiana mpira, afande. Mmoja anasema ni huyu, mwingine anasema ni yule. Mmojawapo ni mwongo, na njia ya mwongo fupi. Tuwapeleke kituoni."

"Umewahi kumtupia mtu kosa lako?"

"Mimi? Nani hajawahi?"

"Ulimsifia?"

Koplo alifikiri. "Hapana."

"Hawa kila mmoja anamsifia mwenzake. Anayetafuta pa kusukumia mzigo haupambi kwanza. Andika hivyo."

Koplo alifungua kijitabu chake, akajipapasa mfuko wa shati, wa suruali, sikioni. Kisha akaangalia mezani, na mdomo ukabaki wazi. Kalamu yake, ile ya bluu aliyoiweka mezani walipoingia, ilikuwa imefungwa kwa waya wa shaba kwenye pembe ya mbuzi, imezungushiwa mbegu nyekundu, na kwa kweli ilikuwa imependeza.

Mama Takataka alifuata macho yake, akashtuka. "Ni yako? Samahani, baba. Ilikuwa mezani."

Sindano aliichukua pembe, akaitazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Hapo ndipo shauri lote lilipogeuka kichwani mwake. Watu hawa hawakuwa wakidanganya. Mume alidhani ni mke, mke akadhani ni mume, na kwa kuwa nyumba yao ilikuwa na mwiko wa kuuliza, hakuna aliyegundua kwamba kitu kile hakikutoka kwa yeyote kati yao. Ilikuwa sehemu moja duniani ambapo mtu angeweza kuweka mfupa wa binadamu peupe, mchana, na wenye nyumba wakaupaka nta.

"Mbali na ninyi wawili," alisema, "nani huweka vitu kwenye meza hii?"

"Hakuna. Labda Mziwanda."

"Mziwanda ni nani?"

"Mdogo wangu, kitinda mimba wetu. Yeye ndiye mwenye mashimo." Mama Takataka alionyesha kwa kidevu nyuma ya kichanja, palipokuwa na vituta vitatu vya udongo, kila kimoja kimewekewa jiwe. "Tunaleta mifupa ya ng'ombe kutoka machinjioni, anaizika na chokaa. Udongo unakula nyama, mvua zikipita anaifukua, anaiosha, anaianika, analeta mezani. Mimi mashimo siyagusi. Harufu inanishinda."

"Lini alifukua mara ya mwisho?"

"Nilipomwambia maonyesho yamekaribia. Shimo la ukutani lilikuwa halijaiva, akanibembeleza tuliache. Mimi nikamwambia mkulima hasubiri mgeni aondoke ndipo avune, kama hufukui nitaita vibarua. Akafukua siku ileile." Alikunja uso. "Na akaniudhi. Mimi mfupa naupenda na vifundo vyake, vile vichwa vya mwisho. Safari hii ameleta mingi imekatwa vichwa. Eti vilioza."

"Imekatwa kama huu?" Sindano aliuinua mfuko kidogo.

"Kama huo."

"Mingapi?"

"Sijahesabu. Mingi, midogo na mikubwa. Nimeigawa karibu katika kila kazi."

"Kazi hizo zote ziko ukumbini?"

"Isipokuwa mbili. Zimeshanunuliwa, zilipakiwa kwenye makasha zikasafirishwa ng'ambo."

Koplo, ambaye alikuwa ameanza kuelewa, alitafuta pa kukaa akakuta ndoo. Sindano alifumba macho kidogo. Aliuona ukumbi ule kama alivyouacha asubuhi, taa zikimulika kinyago hiki na taji lile, ngazi ya mfupa na bomba, mkufu wa vipande vyeupe kwenye waya wa simu. Alikuwa ameingia kaburini akazunguka akisoma vibao, tena akapenda baadhi ya kazi.

"Mziwanda anakaa wapi?"

"Mtaa wa nyuma, kwa Mama. Ndiye anayemtunza, maana Mama haoni."

Neno hilo lilimkuta Sindano amefungua mdomo kwa swali jingine. Akaliacha lile swali.

"Mmezaliwa wangapi, dada?"

"Watatu. Kaka Mkubwa, mimi, na huyo."

"Kaka Mkubwa yuko wapi?"

"Ng'ambo, kikazi. Alikuja mwaka jana, mvua zikiwa zimepamba moto, akataka amchukue Mama akaishi kwake. Mziwanda akawaka. Alisema hajawahi kulala nje ya nyumba ya Mama tangu azaliwe, sasa eti aachwe na kuta. Waligombana mpaka majirani wakasikia. Asubuhi Kaka akawa ameondoka. Hata kuniaga hakuniaga, tukakasirika naye. Lakini humtumia Mama ujumbe kila siku kwenye simu, Mziwanda anamsomea."

"Ninyi mmewahi kusikia sauti yake?"

"Mtandao wa huko mbaya, ndivyo Mziwanda anavyosema."

"Na kazi yake kaka yako ni ipi?"

"Paa," alisema Mama Takataka. "Fundi wa paa. Alikuwa hodari, mpaka siku ile alipoanguka akavunjika..."

Hakumaliza. Mikono yake, iliyokuwa ikikunja waya tangu asubuhi, ilisimama.

"Waliniambia kawekewa chuma," Mama Takataka alisema. "Sikuwahi kukiona. Nani huona chuma cha ndani?"

"Hatujathibitisha, dada."

"Niliupaka nta." Alikuwa akiangalia viganja vyake. "Nilikaa nao mapajani nikiusugua kwa kitambaa, huku naimba. Nimemfunga kwa waya. Afande, nimemsimamisha watu wamtazame."

Cheche alizima mashine, akavuka uwanja bila kuuliza kuna nini. Alipofika akamwona mkewe, akauona mfuko, na hakuweza kuendeleza wala kuuliza. Alipiga magoti akamshika miguu. Sauti iliyomtoka Mama Takataka hapo ilimfanya Koplo ainuke kwenye ndoo na kwenda kusimama langoni, mgongo ameugeuza.

Sindano alipiga simu mbili. Ya kwanza ilileta askari wa kulinda mashimo na kukaa na wale wawili, na kuwanyang'anya simu zao kwa upole ili habari isitangulie. Ya pili ilikuwa kwa msimamizi wa ukumbi. Alimwambia afunge milango, asiruhusu kitu chochote kuguswa, na atafute zilikofika zile kazi mbili.

"Huyu Mziwanda tumkamate tukifika?" Koplo aliuliza walipokuwa wakitembea kuelekea mtaa wa nyuma. Sauti yake ilikuwa imepungua utani wote.

"Kwa lipi? Kwa kukata vichwa vya mifupa? Wakili wake atasema ni kweli vilioza. Nataka kwanza nijue huu mguu ni wa nani. Daktari anaijua skrubu, ila jina halijui."

"Na nani analijua?"

Sindano alikuwa ameukumbatia mfuko chini ya kwapa. Jibu alikuwa nalo, na hakulipenda.

Nyumba ilikuwa safi, yenye chumba cha mbele kilichopigwa deki punde tu. Bibi alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, kitambaa cheupe kichwani, uso ameuelekeza mlangoni. Macho yake yalikuwa na ukungu. Miguuni pake palikuwa na beseni la maji ya uvuguvugu, na mwanamume wa makamo alikuwa amechuchumaa akimfuta nyayo kwa taulo, kidole kwa kidole. Alifanya hivyo vizuri sana. Ilimwuma Sindano kuona jinsi alivyofanya vizuri.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Una hatua za askari."

"Mimi ni askari, Bibi. Na mwenzangu huyu. Tunafuatilia habari za mifupa ya karakana."

"Mziwanda, wape wageni viti."

Mziwanda alileta viti. Uso wake ulikuwa wa duara na wa kitoto ingawa mvi zilishaanza. Aliutazama mfuko, akautazama tena, kisha akawa hautazami kabisa.

"Wewe ndiye unayefukua mashimo?" Sindano aliuliza.

"Mimi."

"Safari hii mifupa mingi imekatwa ncha."

"Vifundo vilioza."

"Vyote?"

"Vyote."

"Umevitupa wapi?"

"Mtoni."

"Msimu uliopita vilioza?"

"Hapana."

"Na uliopita huo?"

"Inategemea mvua, afande." Alianza kukunja taulo, akalikunjua, akalikunja upya.

Bibi hakupenda mazungumzo ya mifupa nyumbani mwake. "Mwachieni mwanangu apumzike, kazi ile inamchosha. Hata hivyo hapa hakosi kunisomea. Leo kaka yake ameleta ujumbe asubuhi na mapema. Wasomee wageni nao wasikie, nina mtoto ng'ambo."

"Mama, wageni wana haraka."

"Hatuna haraka," alisema Sindano.

Mziwanda alitoa simu. "Anasema, 'Shikamoo Mama. Mimi mzima. Huku baridi imezidi, theluji imejaa hadi dirishani, lakini kazi nzuri. Msikilize mdogo wangu, ndiye anayekujali kuliko sisi sote.'"

Bibi alitabasamu. "Mnaona? Zamani walikuwa paka na panya, hawa. Safari imewapatanisha. Hakuna siku anapitisha bila kumsifia mdogo wake." Alijipapasa goti. "Na Mungu kamjalia jambo jingine. Alivunjika mguu huyo, akawekewa chuma. Kikipiga kibaridi kidogo tu, hata wingu likitanda, lazima anilalamikie. Tangu afike huko kwenye theluji, hajautaja mguu hata mara moja. Nikajua umepona kabisa. Namshukuru Mungu kila siku kwa hilo."

Koplo aliinamisha kichwa. Mziwanda alikuwa ametulia kabisa, macho kwenye simu, na Sindano akaona kwamba katika maneno yote ambayo mtu huyu alimtungia marehemu, maumivu hayakumjia akilini hata kidogo.

Bibi alinyosha mkono kumtafuta mgeni, kama wafanyavyo wasioona wanapotaka kuonyesha wema. Ulitua juu ya mfuko, pale ulipolala mapajani mwa Sindano.

"Nini hiki, mwanangu?"

Sindano angeweza kuusogeza. Alikuwa na muda wa kutosha wa kuusogeza, na kwa miaka mingi baadaye angeukumbuka muda huo. Aliuacha pale pale. Vidole vya Bibi vilitembea juu ya plastiki, vikapata ncha iliyokatwa, vikashuka kwenye chuma. Vilipita juu ya skrubu ya kwanza, ya pili, vikaendelea bila haraka. Kidole gumba kikafika kwenye ile ya mwisho, iliyokaa mshazari, kikasimama.

Kilirudi nyuma, kikaizunguka. Kikaibonyeza taratibu, kwa namna ya mtu anayeogopa kuumiza.

Chumbani hakukuwa na sauti isipokuwa maji yaliyokuwa yakitikisika ndani ya beseni, kwa kuwa Mziwanda alikuwa amelisogelea bila kujua akaligonga kwa mguu. Bibi hakulia. Tabasamu lilimtoka usoni polepole, kisha uso ukabaki mtupu kama chumba kilichohamwa. Aliupakata mfuko wote mikononi, akauleta kifuani, na Sindano, asiyewahi kumwachia mtu kielelezo, aliuachia.

"Mziwanda," Bibi alisema.

"Naam, Mama."

"Nisomee tena, baba." Sauti yake ilikuwa ileile ya upole, na mkono wake ulikuwa umeanza kuukanda mfupa juu ya plastiki, juu na chini, juu na chini. "Safari hii nisomee pale aliposema mguu unamwuma."

Simu ilikuwa bado inawaka mkononi mwa Mziwanda. Aliiangalia muda mrefu, mpaka ikajizima yenyewe.